Moshi Huu Umetoka Wapi?

Moshi ukitoka jikoni hatuulizi umetoka wapi. Tunauona. Lakini mji mzima ukifunikwa na moshi, nani anyooshewe kidole? Leo tutaeleza jinsi wataalamu wanavyotafuta jibu katika mji wa Delhi, nchini India.

Chembe tusizoziona

Ndani ya moshi mna chembe ndogo sana. Ukizipanga kama 30 kwenye mstari mmoja, ndipo upate upana wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida hukwama puani. Chembe hizi hazikwami. Hupita mpaka ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Huleta maradhi ya mapafu na ya moyo.

Wakulima walaumiwa

Kila Oktoba na Novemba, wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana huvuna mpunga. Mashine za kuvunia huacha mabua shambani, na ngano inatakiwa ipandwe upesi. Kuyaondoa mabua ni gharama, kiberiti ni rahisi. Basi wengi huchoma. Upepo hupeleka moshi Delhi, na watu wa mjini husema wakulima ndio wabaya. Je, ni kweli?

Njia mbili za kupima

Njia ya kwanza ni kuzinasa chembe kwa karatasi ya kuchujia na kupima zina nini. Mpishi akionja mchuzi hujua kilichotiwa ndani. Hapa pia ni hivyo hivyo. Moshi wa mabua na kuni una potasiamu nyingi. Vumbi la udongo lina alumini. Kompyuta, yaani mashine ya kufanya hesabu nyingi kwa muda mfupi, hukadiria kila chanzo kimetoa kiasi gani.

Njia ya pili ni kuufuata upepo. Setilaiti, vyombo vinavyoizunguka dunia huko juu, huona moto mashambani. Kompyuta huelezwa moto uko wapi, magari na viwanda vinatoa moshi kiasi gani, na upepo unavumaje. Hupiga hesabu ya hewa ya Delhi. Kisha hurudia hesabu ile bila moto wa mashambani. Tofauti iliyopo ndiyo sehemu ya wakulima.

Lakini tukumbuke: kompyuta ikipewa namba mbovu, hutoa jibu bovu. Kwa hiyo njia hizi mbili hulinganishwa.

Kumbe si mmoja

Hesabu zilionyesha nini? Siku moja ya Novemba 2021, karibu nusu ya chembe za Delhi zilitoka mashambani. Siku nyingine, upepo ukigeuka, sehemu hiyo hushuka sana. Tena Desemba na Januari, moto wa mashambani ukiwa umekwisha, hewa bado ni chafu. Sasa ni magari, viwanda, takataka zinazochomwa, na kuni za kupikia.

Basi wakulima wana sehemu yao, lakini si peke yao. Kila mmoja akijua sehemu yake, dawa hupatikana. Tangu mwaka 2018 serikali ya India husaidia wakulima kununua mashine, zikiwemo zinazopanda ngano katikati ya mabua bila kuchoma. Magari na viwanda navyo vinahitaji dawa yake.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini chembe ndogo ni hatari kuliko vumbi la kawaida?
2. Kwa nini wakulima wa Punjab huchoma mabua?
3. Hapa kijijini kwetu, moshi tunaovuta unatoka wapi?