KUOANISHA SAUTI NA PICHA KATIKA UGEUZAJI WA DVD: MFANO WA REKODI ZA SANAA ZA MAONYESHO ZA LAMU

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huu unawahusu watafiti wa fasihi simulizi ambao rekodi zao zimo katika santuri za DVD. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na katika muongo huo DVD ilikuwa chombo cha kawaida cha kuhifadhia picha za Maulidi, kirumbizi, goma na vugo. Santuri za kurekodia huharibika kwa joto, unyevu na mwanga, na kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena mahali pa kuzitia. Kwa hiyo rekodi hizo hugeuzwa kuwa faili za kompyuta. Katika ugeuzaji huo hutokea dosari moja inayosumbua sana: sauti na picha huachana.

Makala haya yanaeleza aina za dosari hiyo, namna ya kuipima na namna ya kuitengeneza. Hoja kuu ni kwamba mtafiti hapaswi kurekebisha chochote kabla ya kupima.

Umuhimu wa uoanifu

Katika Maulidi ya Lamu, sauti ya kiongozi, kiitikio cha jamaa, mapigo ya matari na miondoko ya safu ni mfumo mmoja. Mtafiti anayetaka kujua iwapo mwili huinama kabla ya pigo au pamoja nalo hawezi kuitegemea rekodi ambayo sauti yake imechelewa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Atafikia hitimisho la uongo, na atalifikia kwa uaminifu kamili.

Aidha, jicho si shahidi wa kutosha. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu (ITU), mtazamaji huanza kutambua dosari sauti inapotangulia kwa takriban milisekunde 45, au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125. Kuchelewa kwa milisekunde 100, basi, kunaweza kupita bila kugunduliwa, ilhali kunatosha kuvuruga uchanganuzi wa mahadhi.

Aina za dosari

Ya kwanza ni dosari thabiti. Sauti huchelewa au hutangulia kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Aghalabu hutokana na programu kupuuza tofauti ndogo ya wakati wa kuanza baina ya mkondo wa sauti na mkondo wa picha katika DVD.

Ya pili ni dosari inayokua. Mwanzoni mambo ni sawa, lakini kila dakika pengo huongezeka. Chanzo chake kikuu ni mkanganyiko wa kasi ya fremu. Mfumo wa PAL, uliotumika Kenya, huonyesha fremu 25 kwa sekunde. Mfumo wa NTSC, uliotumika Marekani na Japani, huonyesha fremu 29.97. Programu ikiichukulia 29.97 kuwa 30, picha hukimbia na kuiacha sauti nyuma kwa sekunde 3.6 katika kila saa. Hali kadhalika, sauti iliyonaswa kwa kinasa sauti cha pembeni huweza kuachana na picha, kwa kuwa kila chombo kina saa yake.

Ya tatu ni dosari ya kuruka. Rekodi huwa sawa mpaka mahali fulani, kisha pengo hutokea ghafla na kubaki vivyo hivyo. Huenda santuri imekwaruzwa na baadhi ya fremu zikapotea. Pengine faili za VOB, ambazo katika DVD hukatwa zikikaribia gigabaiti moja, ziligeuzwa mojamoja kisha zikaungwa vibaya.

Kupima kwa pigo

Watengenezaji wa filamu hugonga vibao viwili mbele ya kamera ili wapate alama ya kuoanisha. Sanaa za Lamu zina alama hiyo ndani yake. Katika vugo, wanawake hupiga pembe kwa kijiti. Katika kirumbizi, fimbo hugongana. Katika Maulidi, kiganja hutua juu ya tari. Kila pigo huonekana na kusikika.

Mtafiti achague pigo moja mwanzoni, moja katikati na moja mwishoni, kisha aandike wakati wa kila moja katika picha na katika sauti. Tofauti zikilingana, dosari ni thabiti. Zikiongezeka kwa uwiano, inakua. Zikibadilika ghafla, imeruka. Katika mahojiano yasiyo na ngoma, konsonanti za midomo zitumike. Mzee wa Amu anapotamka "moya" au "mai", midomo hufungwa kwa m, na kufunguka kwake ni alama tosha.

Tahadhari moja inahitajika. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa juu ya dari mita 34 kutoka kwa wachezaji hupokea sauti ikiwa imechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo si dosari ya ugeuzaji, bali ni umbali, na yafaa uandikwe katika maelezo ya rekodi.

Kurekebisha

Dosari thabiti hutibiwa kwa kusogeza sauti. Katika programu ya VLC, kitufe cha J huiwahisha na cha K huichelewesha, milisekunde 50 kila mara. Huku ni kujaribu tu. Kiasi kikishajulikana, hutiwa katika faili kwa programu kama Avidemux.

Dosari inayokua haitibiki kwa kusogeza. Tuseme baina ya mapigo mawili picha inaonyesha sekunde 3,000 na sauti 3,003. Uwiano ni 1.001, ambao ndio uwiano wa 30 kwa 29.97. Hapa sauti haina kosa. Picha ndiyo irudishiwe kasi yake. Kuivuta au kuibana sauti ili ilingane na picha iliyokosewa ni kubadilisha mwendo wa tari, yaani kubadilisha data yenyewe.

Dosari ya kuruka hudai kurudi kwenye santuri, kuisafisha, kuisoma upya na kuunganisha faili zote za VOB kabla ya kugeuza. Ikiwa fremu zimepotea kabisa, kila kipande kioanishwe peke yake na mahali pa pengo paandikwe.

Hitimisho

Nakala ya awali ihifadhiwe bila kuguswa, na kila marekebisho yaandikwe pamoja na kiasi chake. Waliopiga matari na pembe katika rekodi hizo walipatanisha mkono na sauti wao wenyewe. Wajibu wa mtafiti ni kuhakikisha kwamba kompyuta haiwatenganishi.