Picha za kanvasi: unalipia wino, kitambaa na mbao

Na Mwandishi Wetu

Novemba 2022 mchoro wa Piet Mondrian uitwao Composition No. II, alioumaliza mwaka 1930, uliuzwa katika mnada wa Sotheby's mjini New York kwa dola za Marekani milioni 51. Mchoro wenyewe ni mraba wa sentimeta 51 hivi kila upande: mistari meusi, weupe mwingi na vipande vya rangi nyekundu, buluu na njano. Nakala ya mchoro huo, ikichapwa juu ya kanvasi na kuwambwa kwenye fremu, mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuitundika sebuleni kwake kwa ukubwa ule ule. Ndiyo maana biashara hii ina wateja, na ndiyo maana walanguzi nao hawakosi.

Mnunuzi aanze kwa kujua anacholipia. Picha yenyewe, katika kazi nyingi za wachoraji hawa wa usasa, haimgharimu muuzaji kitu. Katika nchi za Ulaya hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya mwaka aliokufa mchoraji. Gustav Klimt alikufa mwaka 1918, Paul Klee mwaka 1940, na Mondrian, Wassily Kandinsky na Edvard Munch wote walikufa mwaka 1944. Henri Matisse, aliyekufa mwaka 1954, aliingia katika orodha hiyo mwanzoni mwa mwaka 2025. Pablo Picasso, aliyekufa mwaka 1973, bado: huko Ulaya kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2043. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na Marekani ina hesabu zake, hivyo anayetaka kuchapa ili auze aulize kwanza.

Zaidi ya hapo, makumbusho yenyewe yanagawa picha bure. Mwaka 2017 jumba la Metropolitan la New York liliachia picha zaidi ya 375,000 za kazi zisizo na hakimiliki, zitumike hata kwa biashara. Humo mna mchoro wa Klimt wa binti aitwaye Mäda Primavesi, wa mwaka 1912 hadi 1913. Msomaji mwenye intaneti anaweza kuuchukua mwenyewe na kuupeleka kwa mchapaji bila kumlipa mtu kati. Basi mtu akikutajia bei kubwa kwa sababu "ni kazi ya Klimt", mwulize kuhusu wino, kitambaa na mbao. Hivyo ndivyo vitu alivyovinunua.

Tuanze na wino, maana hapo ndipo fedha za watu hupotea. Wino wa printa ni wa aina mbili. Upo wa rangi iliyoyeyuka kabisa, kama rangi ya kutia nguo, na upo wa chembe ngumu ndogo sana zinazoelea ndani ya maji. Wa kwanza hung'aa sana siku ya kununua, lakini mwanga huupausha haraka. Wa pili huvumilia mwanga kwa miaka mingi. Kwa macho huwezi kuutambua dukani. Taka aina ya wino iandikwe kwenye stakabadhi. Muuzaji anayesitasita kuandika amekwisha kujibu.

Wengine watakuambia picha yao ni giclée. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1991 huko California na mchapaji Jack Duganne, kutokana na Kifaransa chenye maana ya kurusha maji kwa nguvu. Alifanya kazi katika karakana ya mwanamuziki Graham Nash, ambaye alinunua printa ya Iris kwa dola 126,000, mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji kuhakiki rangi kabla ya kuchapa. Wino wa mwanzo wa mashine hizo ulipauka baada ya miaka michache tu. Kwa hiyo jina hilo linakuambia wino ulirushwa na printa, basi. Halikuambii utadumu.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kununua nakala ya Klee bila kuuliza lolote, akaitundika mbele ya dirisha la magharibi. Baada ya viangazi viwili nyekundu yake ilikuwa kama chai ya maziwa. Aliporudi dukani aliambiwa dhamana haihusu jua.

Jambo la pili ni idadi ya nukta zinazounda picha. Kwa kanvasi, nukta 150 kwa inchi zinatosha, kwa sababu nyuzi za kitambaa huficha mengi na picha hutazamwa kwa mbali kidogo. Picha ya sentimeta 60 kwa 90 inahitaji basi nukta kama 3,540 kwa 5,310. Mchapaji aliyenyakua picha ya nukta 1,000 kwa 1,500 anabaki na nukta 42 kwa inchi, na uso wa mtu utaonekana kama umetazamwa kupitia kioo chenye mvuke. Mwambie akuonyeshe hesabu kabla hujalipa.

Jambo la tatu ni umbo, na hapa hata maduka makubwa hukosea kwa makusudi. The Kiss ya Klimt, iliyoko Belvedere mjini Vienna, ni mraba wa sentimeta 180 kwa 180. Sokoni utaikuta ndefu na nyembamba, pande mbili zimekatwa, kwa sababu fremu za umbo hilo ndizo zilizojaa stoo. Tena mchoro ule una dhahabu halisi iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi. Printa ya kawaida haina dhahabu. Hutoa njano na kahawia badala yake. Anayeupenda kwa ajili ya mng'ao atavunjika moyo, na ni heri ajue sasa.

Kuna pia ile picha ya miraba yenye duara ndani ya duara, ya Kandinsky, ambayo huenda ndiyo inayotundikwa kuliko zake zote. Aliifanya mwaka 1913 juu ya karatasi, ukubwa wa sentimeta 24 kwa 32 tu, kama zoezi la kuona rangi zinavyokaa pamoja. Iko Lenbachhaus mjini Munich. Ukiikuza hadi upana wa mita moja umeikuza zaidi ya mara tatu, na kila alama ya brashi inakua nayo. Haikatazwi, na ukutani inapendeza, lakini kwa maoni yetu kwenye sentimeta 50 inakaa vizuri zaidi.

Kuhusu kitambaa, pamba hunywa unyevu: hulegea msimu wa mvua na kukaza wakati wa ukavu. Kwa nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, poliesta au mchanganyiko wa poliesta na pamba hutulia zaidi. Vitambaa vingine vimetiwa dawa ya kuongeza weupe, ambayo baada ya muda hufanya weupe huo uwe manjano. Imulike nyuma ya picha kwa ile taa ya kukagulia noti bandia. Ikiwaka buluu, dawa imo. Angalia pia kwenye pembe zilizokunjwa: wino ukiwa umepasuka, uwambaji ulikuwa mbovu au vanishi haikupakwa.

Mbao ziwe kavu na zilizonyooka. Fremu ya unene wa sentimeta 2 inatosha picha ndogo. Ikizidi mita moja iwe na ubao wa kukatiza katikati, la sivyo itapinda. Gonga nyuma kwa kidole, kitambaa kilie kama ngoma. Fremu yenye kabari kwenye pembe ni bora, kwani kitambaa kikilegea unazigonga kidogo tu kinakaza. Uliza pia ukingo utakuwaje. Fremu nene ya sentimeta 4 hula sehemu ya picha kila upande, na kwa Mondrian hilo ni kumharibia kazi, maana mistari yake ilipimwa. Omba ukingo mweupe.

(Wapo watakaouliza kwa nini wasinunue Tingatinga iliyochorwa kwa mkono badala ya nakala. Walinganishe bei wenyewe. Swali ni la haki.)

Katika kutundika, katikati ya picha iwe sentimeta 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, upana wa picha uwe kama theluthi mbili ya kochi: kochi la sentimeta 210 linabeba picha ya 140, na ukingo wa chini usizidi sentimeta 25 juu ya mgongo wake. Bandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite, hasa ukuta wa nje unaopigwa na mvua, maana kuvu huanzia huko nyuma ambako hakuna anayetazama. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji na sabuni kiachwe kwa ajili ya meza.