Kiti cha Mwenyekiti wa Kijiji Bado ni cha Baba

Hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayomlinda mkulima wa Tanzania shambani kwake, husainiwa na mwenyekiti wa kijiji pamoja na mtendaji. Mwenyekiti huyo ndiye anayeongoza Halmashauri ya Kijiji, chombo kinachogawa ardhi kwa idhini ya Mkutano Mkuu. Mjane anayepigania shamba aliloachiwa na marehemu mumewe, huku shemeji zake wakilitolea macho, lazima apite mlangoni kwa mwenyekiti huyo.

Sheria haikuwasahau wanawake. Halmashauri ya Kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao sharti wawe wanawake. Baraza la Ardhi la Kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, lina wajumbe 7, watatu kati yao wanawake. Ila kwenye kiti cha mwenyekiti, wanawake hawakutengewa chochote. Uchaguzi wa 2019 ulitupatia wanawake wapatao wawili tu katika kila wenyeviti 100 wa vijiji. Ni aibu yetu sote.

Tusiseme wanawake hawataki. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo safari huanzia kwenye kura za maoni za chama. Kura hizo huombwa vilabuni na vijiweni, jioni, saa ambazo mama yuko jikoni; akitoka, ananong'onwa. Wengine fomu hawaigusi mpaka mume aridhie. Hao hao wanaendesha VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanatunza fedha za watu, na kijiji kizima kinawaamini.

India walikwenda mbali zaidi. Marekebisho ya 73 ya Katiba yao, yaliyoanza kutumika 1993, yaliwatengea wanawake theluthi ya viti vya mabaraza ya vijiji, na theluthi ya nafasi za wakuu wake pia, kwa zamu. Watafiti Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walikuta kwamba mabaraza yaliyoongozwa na wanawake yaliwekeza zaidi katika maji ya kunywa. Anayebeba ndoo ndiye ajuaye kisima kilipo.

Uchaguzi wetu ujao wa serikali za mitaa ni 2029. Vyama vimsimamishe mwanamke pale vinapojua vitashinda, si pale vilipokwisha kukata tamaa. Bunge nalo litenge nafasi za uenyekiti kwa zamu, kijiji kwa kijiji.