Hakimiliki Shuleni (Sehemu ya Pili): Video ya Mwamgongo na Wenye Nyimbo Zao

Anayekwenda Mwamgongo hupanda boti Kibirizi, pembezoni mwa mji wa Kigoma, akashika njia ya kaskazini, milima kuumeni na Ziwa Tanganyika kushotoni. Huipita Hifadhi ya Gombe yote kabla ya kushuka, maana kijiji kimepakana nayo kwa upande wa kaskazini. Ufuko huu umezoea kamera kuliko miji mingi mikubwa. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza maisha ya sokwe. Mwaka 1962 National Geographic ikamtuma Hugo van Lawick, mpigapicha Mholanzi, akarekodi kazi ile. Sehemu kubwa ya mikanda yake ilikaa ghalani miaka na miaka, ikadhaniwa imepotea. Ilipogunduliwa mwaka 2014 ilikuwa na zaidi ya saa 100 za picha, na kutokana nayo Brett Morgen akatengeneza filamu iitwayo Jane, iliyotoka mwaka 2017 kwa muziki wa Philip Glass.

Van Lawick alifariki Dar es Salaam mwaka 2002, miaka kumi na mitano kabla ya filamu hiyo. Hata hivyo anatambuliwa kuwa ndiye aliyepiga picha hizo za zamani.

Siku hizi mwanafunzi wa shule ya kijiji hana haja ya kamera ya Mholanzi. Simu moja ya kuazima na bando la siku vinatosha. Klabu za mazingira za Roots & Shoots, mpango ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991 na Goodall pamoja na kundi dogo la wanafunzi, zimewazoesha vijana wengi kutunga nyimbo na maigizo juu ya misitu na wanyama. Kutoka igizo hadi video ni hatua fupi. Na hapo ndipo maswali ya haki huanzia.

Chukua kikundi kinachotengeneza video ya dakika tano kuhusu uvuvi wa dagaa. Mwanzoni wameweka biti waliyoipakua YouTube, katikati kiitikio cha msanii wa Bongo Fleva, kisha picha ya sokwe waliyoiokota intaneti. Mwishoni anasikika bibi mmoja wa kijijini akiimba wimbo wa Kiha, waliourekodi wenyewe. Mwalimu akiuliza vitu hivi ni vya nani, wengi watajibu kuhusu msanii tu, kwa kuwa ndiye wanayemjua kwa jina.

Sheria inayohusika ni ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ulinzi huo haungoji usajili: kazi ikishatungwa, haki ipo. Hakishiriki ni ya wale walioifanya kazi isikike, yaani waimbaji, wapigaji na mtayarishaji wa rekodi. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja, na ruhusa ya mwimbaji peke yake isitoshe.

Hata hivyo sheria hiyohiyo haikumfungia mwanafunzi mlango. Inaruhusu kunukuu, na inaruhusu kutumia kazi ya mtu kama kielelezo cha kufundishia, hata katika rekodi za sauti na picha, ilimradi matumizi yasizidi yale yanayohitajika, yawe ya haki, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika. Video ikibaki darasani na majina yameandikwa, kikundi kina pa kusimamia. Ikipakiwa mtandaoni kutafuta watazamaji, hiyo si tena kazi ya kufundishia, na hapo kutaja jina hakutoshi, inahitajika ruhusa. Wapo wanaoandika chini ya video kwamba muziki si wao na hawana nia ya kuvunja hakimiliki. Maneno hayo hayampi mtu haki yoyote. YouTube ina mfumo wa kutambua muziki wenyewe, na haujali nia ya aliyepakia.

Madhara ya kutoandika majina mapema Afrika Mashariki inayajua kupitia wimbo wa Malaika. Fadhili William wa Kenya aliurekodi miaka ya mwanzo ya 1960, Miriam Makeba akaupeleka duniani, hata Boney M wakauimba. Lakini Adam Salim na Grant Charo nao walihusishwa na utunzi wake, na William alifariki mwaka 2001 ubishi haujaisha. Daftari moja lenye tarehe na jina, lililoandikwa siku wimbo ulipotungwa, lingepunguza kelele nyingi.

Turudi kwa bibi. Watu hudhani wimbo wa asili hauna mwenyewe, kwa hiyo haudai chochote. Sheria ya 1999 haisemi hivyo. Ina sehemu nzima ya sanaa za jadi, na mamlaka ya kutoa vibali imelipa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Matumizi ya elimu hayahitaji kibali, lakini sanaa ya jadi inayotambulika ikitolewa hadharani, chanzo chake lazima kitajwe: jamii au mahali ilikotoka. Kuandika "wimbo wa asili" basi hakutoshi. Iandikwe kuwa ni wimbo wa Waha, umerekodiwa Mwamgongo, na mwimbaji, kwa ridhaa yake, atajwe. Yeye hakuutunga, lakini ndiye aliyeuimba.

Kwa biti na picha kuna njia nyepesi. Kazi nyingi hutolewa na wenyewe kwa leseni huria za Creative Commons, zilizoanza mwaka 2002. Karibu zote zinadai mtunzi atajwe. Baadhi zinakataza biashara, nyingine zinakataza kubadili kazi. Mwanafunzi aandike jina la kazi, mtunzi, alikoipata na aina ya leseni. Mistari minne tu. Neno "Google" peke yake si chanzo, kwa sababu Google haikupiga picha ile.

Walimu wanaosimamia klabu waanze muhula ujao na kanuni moja: video isiyo na orodha ya vyanzo mwishoni isipokewe, na jina la bibi liandikwe kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la msanii wa Bongo Fleva.