Viti Vitano kwa Meza Moja: Nani Tumuite Tukitaka Kujadili Mbegu?

Wandugu, kuna muchezo mumoja watu waliosoma wanaupenda sana: kama ungeweza kuwakusanya watu waliokwisha kufa wakae pamoja na kuzungumuza, ungewaita akina nani? Majibu yanafanana karibu kila mara: Lumumba, Mandela, Sankara, Einstein. Ni majina makubwa, hakuna ubishi. Lakini uliza tu, «Na watazungumuza nini?», kila mutu ananyamaza.

Mimi nilisomea kilimo, basi nitaonyesha namna ninavyochagua. Muchezo huu si wa bure. Yule unayemuita ku meza njo anaamua ni jibu gani utaweza kulisikia.

1. Anza na swali, usianze na jina

Swali langu ni hili: mukulima aliyekimbia vita akarudi mu shamba mikono mitupu, apewe mbegu gani? Ile ya babu zake, ao ile mpya iliyotoka kwa watafiti?

Kwetu Kivu swali hili si la vitabu. Familia ikikimbia, inakula kwanza unga, kisha inakula hata maharagi yaliyowekwa kwa kupanda. Ikirudi, ile aina ya maharagi iliyozoea udongo wa kilima chake inaweza kuwa imekwisha kabisa.

2. Tafuta watu ambao hawatakubaliana

Kiti cha kwanza ninamupa Nikolai Vavilov, Murusi aliyezaliwa 1887. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, hata Ethiopia alifika. Wazo lake: kila zao lina eneo lilikotokea, na kule njo utakuta aina nyingi zaidi. Ndani ya aina hizo kunaweza kuwa moja yenye kuvumilia ugonjwa ambao bado haujafika. Wakati Leningrad ilipozingirwa na Wajerumani, kuanzia 1941, watu kadhaa wa taasisi yake walikufa na njaa huku wakilinda mbegu, muchele na ngano vikiwa pembeni yao. Hawakuvila. Vavilov mwenyewe alikuwa amekamatwa tangu 1940, na alikufia gerezani Saratov, Januari 1943.

Mbele yake ninamuweka Norman Borlaug, Mumarekani. Ngano ya zamani ukiipa mbolea nyingi inarefuka, masuke yanakuwa mazito, inalala chini. Borlaug, aliyeanza kazi Mexico mwaka wa 1944, alizalisha ngano fupi yenye shina la nguvu. Aina zile zilifika India na Pakistan katika miaka ya 1960, mavuno yakapanda sana, na 1970 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye angeuliza: mutu mwenye njaa leo, utamuambia angoje? Na wengine wangemurudishia: mbegu zako zinataka mbolea na maji, asiye na franka afanye nini?

Hapo mazungumuzo yamekwisha anza. Ukiweka wawili wenye wazo moja, watasifiana tu.

3. Weka mutu aliyefanya kazi na maskini

Kiti cha tatu ni cha George Washington Carver. Alizaliwa mutumwa huko Missouri, karibu na 1864. Mwaka wa 1896 alifika Tuskegee, Alabama, kufundisha. Udongo wa kule ulikuwa umechoshwa na pamba. Aliwafundisha wakulima weusi kupanda kunde na karanga, kwa sababu mizizi yake inakaa na bakteria zenye kuchukua azoti ya hewa na kuirudisha mu udongo. Tangu 1906 walitumia gari la kukokotwa na wanyama kupeleka masomo mpaka kwa wakulima. Watu wanasema alivumbua siagi ya karanga. Si kweli, na hahitaji sifa hiyo. Swali lake lingekuwa: kabla ya kubishana juu ya mbegu, udongo wenyewe ukoje? Na angalieni jambo moja: yeye na Vavilov walikufa mwezi mumoja, Januari 1943.

4. Usisahau wale wanaotunza mbegu

Mu vijiji vyetu vingi, mbegu ziko mikononi mwa mama. Meza ya wanaume tupu itakosa nusu ya habari. Ninamuita Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977 na vikundi vya wanawake vyenye kuotesha miti, akapata Nobel 2004. Mwaka wa 2005 aliteuliwa kuwa balozi wa heshima wa misitu ya Bonde la Kongo, basi kwetu si mugeni.

5. Weka mutu wa kwetu, lakini si kwa kujipamba

Kiti cha tano ni cha Paul Panda Farnana, aliyezaliwa 1888 upande wa Bas-Congo. Wengi wetu tulimaliza masomo ya kilimo bila kusikia jina lake, na yeye alikuwa agronomu Mukongomani mbele yetu wote. Alisoma kilimo cha bustani Vilvoorde, Ubelgiji, akaendelea Nogent huko Ufaransa, kisha 1909 akarudi kufanya kazi Eala, karibu na Mbandaka ya leo. Vita ya 1914 ilimukuta Ubelgiji. Alipigana Namur, akafungwa Ujerumani. Mwaka wa 1919 alianzisha Union Congolaise, akadai Wakongomani wasomeshwe na wasikilizwe katika mambo ya inchi yao.

Simuweki kwa sababu ya bendera. Tangu 1917 serikali ya koloni ililazimisha watu kulima pamba na mengine, na asiyelima aliadhibiwa. Yeye njo anaweza kuuliza: mbegu hii, nani aliamua? Mukulima aliulizwa?

6. Jua pia nani usimuite

Kuna mutu angesema tumuite Trofim Lysenko, adui wa Vavilov, ili mabishano yakolee. Mimi hapana. Kutokubaliana ni kuzuri, lakini wenye kumupinga Lysenko walifukuzwa kazi, wengine wakafungwa. Mutu ambaye hoja zikimushinda anategemea nguvu ya serikali, huyo hawezi kujadiliana.

Sasa meza hii inatupa nini? Inatuonyesha kwamba «ya zamani ao mpya» lilikuwa swali lenye kukatwa vibaya. Mukulima anayerudi anahitaji mbegu mpya yenye kuvumilia magonjwa ili ale musimu huu, pamoja na kunde za kurudisha nguvu ya udongo. Anahitaji pia mahali pa karibu pa kuhifadhi aina za babu zake, sehemu yake ikiwekwa mbali na njia ya vita. Na mama mwenye shamba njo achague, si muradi umuchagulie.

Tena ninaona upungufu wa orodha yangu: wote watano walisoma sana. Ukiweza kuongeza kiti, usitafute profesa wa sita. Muite mama mumoja wa kijiji chenu, umuulize maharagi gani hayaonekani tena. Huyo hahitaji kufikiriwa. Yuko muzima, na jibu analo.