Kanduyi yalipia dakika za meza, Nottingham yauza askari wa plastiki

Biashara ya michezo ya mezani Kanduyi huzungushwa na sarafu ya Sh20. Ikitumbukizwa kwenye meza ya pool mipira inashuka, na kwa desturi anayeshindwa ndiye anayelipa. Katika vyumba vya gemu, vijana hutoa pesa kwa kila mechi ya kandanda ya PlayStation. Na penye kivuli ambapo waendesha bodaboda wanasubiri abiria, drafti huchezwa kwa vifuniko vya soda, bila malipo.

Pool na gemu zina sifa moja kibiashara: mteja ananunua dakika. Akiinuka ameburudika, lakini hana kitu alichobeba kwenda nacho nyumbani. Nchini Uingereza kuna watu waliojenga kampuni kubwa juu ya meza kama hizo kwa kuuza kitu kingine kabisa: vipande vya kuchezea. Tofauti ya njia hizi mbili inastahili kutazamwa na kila anayefikiria kuweka pesa zake katika burudani, Bungoma hadi Kitale.

Dakika zina kikomo

Tuanze na pool. Meza nyingi ziko kwenye baa, na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile maarufu kama Sheria ya Mututho, inaruhusu baa kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Hizo ni saa sita, yaani dakika 360. Mchezo mmoja ukichukua dakika tisa, meza haiwezi kuchezwa zaidi ya mara 40 katika muda huo, hata ikiwa haikupumzika.

Kwa Sh20 kila mchezo, mara 40 ni Sh800. Mwenye meza akigawana nusu kwa nusu na mwenye baa, kila mmoja anapata Sh400. Na hapo tumehesabu usiku mzuri usio na mvua wala stima kupotea. Kitambaa cha meza huchakaa, fimbo hupinda, mpira mmoja hupotea, na leseni ya kaunti haingoji. Ukitaka mapato maradufu, ni lazima ununue meza ya pili na utafute chumba cha kuiweka.

Chumba cha gemu kina mzigo wa ziada. Kinategemea umeme wa tokeni, televisheni na pedi ambazo hubonyezwa kwa hasira hadi zikafa. Isitoshe, mchezo wa kandanda hutolewa upya kila mwaka na wateja hawataki wa mwaka juzi. Mwenye chumba ni kama mpangaji: hana sauti juu ya bidhaa anayoitegemea, na bei yake haipangi yeye.

Drafti haina gharama hizo, lakini pia haina mapato. Fundi seremala akishauza ubao mmoja wa plaiwudi wenye miraba, kijiwe kizima kinautumia kwa miaka mingi. Vifuniko vinaokotwa. Fundi ameuza mara moja tu, na biashara imeishia hapo.

Walianza kwa kuchonga bao

Mwaka 1975, marafiki watatu jijini London, John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson, walianzisha kampuni wakaiita Games Workshop. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za michezo zilizotengenezwa kwa mkono, zikiwemo za jamii ya mchezo wetu wa bao, ambao Waluo wanauita ajua. Kwa maneno mengine, walianzia mahali ambapo fundi wa Kanduyi yupo leo.

Hawakubaki hapo. Mwaka 1983 kampuni ilitoa Warhammer, mchezo wa vita unaochezwa kwa sanamu ndogo za askari. Wachezaji wawili au zaidi hupanga majeshi yao kwenye meza yenye vilima, miti na majengo ya kuigiza. Hakuna miraba. Kikosi husogezwa kwa zamu, mwendo wake hupimwa kwa futi ya kupimia, na dadu huamua kama risasi imempata adui au imepita pembeni. Pambano moja laweza kuwachukua marafiki mchana mzima. Wazo lenyewe ni la kale: maafisa wa jeshi la Prussia walifundishwa kwa michezo ya aina hii tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni za kuichezea nyumbani mwaka 1913.

Siri ya biashara iko katika mkoba wa mchezaji. Meza ni yake mwenyewe, nyumbani kwake, na kampuni haimtozi hata senti kwa kucheza. Anachonunua ni askari, ambao huja kwa vipande vya kuunganisha, kisha rangi za kuwapaka, brashi, kitabu cha kanuni, na baadaye kikosi kingine kwa sababu rafiki yake amenunua vifaru. Kazi ya kupaka rangi humchukua jioni nyingi peke yake, na akimaliza anajivunia jeshi ambalo halifanani na la mtu mwingine. Vijana wawili wakigawana ubao mmoja wa drafti, seremala amepata mteja mmoja. Wakicheza vita vya sanamu, kila mmoja lazima awe na jeshi lake.

Matokeo yanasomeka kwenye vitabu vya hesabu. Katika mwaka wa fedha ulioishia mwanzoni mwa Juni 2025, Games Workshop, ambayo makao yake sasa yako Nottingham, iliingiza pauni milioni 617.5 na kupata faida ya pauni milioni 262.8 kabla ya kodi. Katika kila pauni 100 zilizoingia, karibu 43 zilikuwa faida. Mapato hayo ni zaidi ya Sh100 bilioni, ilhali mgao ambao Kaunti ya Bungoma hupata kutoka serikali kuu kwa mwaka ni takriban Sh11 bilioni. Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia katika orodha ya kampuni 100 kubwa zaidi kwenye soko la hisa la London.

Kuagiza si jibu

Mfanyabiashara anaweza kushawishika kuleta masanduku hayo Bungoma. Hesabu inakataa. Sanduku la kikosi cha kuanzia huuzwa karibu pauni 100 huko Uingereza, yaani kama Sh17,000 kabla ya usafiri. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, na VAT ya asilimia 16 hutozwa juu yake pamoja na ada nyingine za uagizaji. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii hawezi kulipa kodi ya nyumba na jeshi la plastiki mwezi mmoja.

Kinachofaa kuigwa ni mpango wa biashara, na malighafi yake muhimu kuliko zote tunayo: hadithi. Wageni wameshaigundua. Kampuni ya Uingereza ya Wargames Foundry huuza sanamu za Wamasai na za wapiganaji wa Ruga-Ruga, na mwandishi Chris Peers ametunga kanuni nzima za vita vya Afrika ya karne ya 19. Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki, kuanzia Tanga mwaka 1914, pia ni mada inayopendwa na wachezaji wa ng'ambo. Historia hiyo ni yetu, lakini risiti zinaandikwa kwa pauni.

Bungoma ina pambano lake. Mwaka 1895, kikosi cha Waingereza chini ya Charles Hobley, pamoja na washirika wao wakiwemo watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, kilishambulia ngome za Wabukusu za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa kwenye mlima ulio karibu na Webuye. Bunduki ya Maxim ilikuwa upande mmoja, mahandaki na mikuki upande mwingine. Mchezo wa mezani wenye ngome, handaki na dadu ungemfundisha mwanafunzi mambo ambayo aya moja ya kitabu haiwezi: kwa nini mahali palichaguliwa, na kwa nini silaha zilibadilisha matokeo.

Ufundi pia upo

Wachongaji wa Tabaka, Kisii, hutengeneza seti za chesi kwa mawe laini na kuziuza hadi nje ya nchi. Uchongaji wa Wakamba huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jijini Nairobi, kampuni ya AB3D imewahi kutengeneza mashine za kuchapa vitu vya plastiki kwa kutumia vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa. Mashine ya aina hiyo, ikiwekwa kwenye karakana ya chuo cha Sang'alo au Kitale National Polytechnic, ingetosha kuanzisha majaribio ya vipande vidogo vidogo.

Vikwazo vipo. Wateja wa hapa wana pesa kidogo, kwa hiyo vipande vya kwanza vinafaa kuwa vya kadibodi nene au mbao, na bei isivuke Sh1,000. Ikivuka, kijiwe kitarudi kwa vifuniko vya soda. Wazazi wengi huuona mchezo wowote wa dadu kama kamari, hasa sasa ambapo Sheria ya Kudhibiti Kamari ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya 1966. Jibu lake ni kuuza kwanza shuleni na makavazini, mahali ambapo hakuna dau. Makavazi ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yangekuwa duka zuri la kuanzia. Uwanja wa Masinde Muliro hapa Kanduyi, uliokuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Madaraka mwaka 2024, unaweza kuwekewa meza za mashindano siku za maonyesho ya kaunti.

Kwa mwekezaji mdogo, uamuzi ni huu. Meza ya pool italeta pesa ya kila siku, na hakuna ubaya kuwa nayo, ila mapato yake yatakoma saa tano usiku. Anayetaka biashara inayokua atafute seremala, mwalimu wa historia na mchoraji, awalipe wabuni seti moja ya Chetambe, kisha ahakikishe michoro imesajiliwa kwa jina lao kabla mtu wa mbali hajaitoa kwa lake. Kaunti nayo, badala ya kuzitazama meza za michezo kama chanzo cha leseni tu, itenge sehemu ndogo ya fedha za vijana kwa ajili ya vielelezo vya kwanza. Hata Games Workshop ilianza na mbao za kuchonga kwa mkono.