Mguu uliovimba: usiukalie, uchezeshe polepole

Ikiwa mguu wako umevimba kwa miezi au miaka, huenda umeambiwa ukae tu, usiuchoshe. Wengine hukaa ndani mchana kutwa kwa aibu, miguu ikining'inia kitandani, na siku ya kugawiwa chakula humtuma mtoto. Kukaa namna hiyo huzidisha uvimbe.

Kwa nini? Mbali na damu, mwilini kuna maji mengine yaitwayo limfu. Hupita katika mishipa yake myembamba, yakikusanya maji yaliyobaki kwenye nyama na kuyarudisha katika damu. Damu inasukumwa na moyo, lakini limfu haina moyo wake. Mishipa hujikaza kidogo yenyewe, na kazi iliyobaki hufanywa na misuli unapotembea na kifua unapopumua. Ndani yake kuna vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, kwa hiyo kila msuli ukijikaza, maji hupanda kidogo bila kurudi chini. Mishipa ikiharibika, maji hubaki mguuni.

Matende huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Lakini kwenye nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, wengi huvimba kwa sababu ya kulima na kutembea pekupeku miaka mingi. Mwaka 2015 katika wilaya ya Kamwenge nchini Uganda, yaliko makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja, ugonjwa uliodhaniwa kuwa matende ulichunguzwa ukaonekana kuwa ni huu wa udongo. Yote mawili si uchawi, wala hayaambukizi kwa kushikana mikono au kulala nyumba moja.

Wachina wana mazoezi yaitwayo tai chi. Yalianza kama mbinu za kupigana, lakini siku hizi hata wazee huyafanya kwa ajili ya afya. Hakuna kuruka wala kukimbia: mwili unasogea polepole pamoja na pumzi. Wapo pia wanaoyatumia kwa ajili ya mkono uliovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi. Huhitaji kuyajua yote wala kuwa na mwalimu, kwani kinachosaidia ni mwendo wa taratibu na pumzi ndefu.

Simama karibu na ukuta au mti, miguu ikiachana kama upana wa mabega, magoti yakilegea kidogo. Vuta pumzi kwa pua hadi tumbo litoke, huku ukiinua mikono hadi usawa wa mabega. Toa pumzi, ishushe. Halafu hamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, taratibu, kama mtu anayepita usiku chumba alicholala mtoto mchanga. Kisha shika ukuta, inuka kwa vidole, shuka. Hapo shavu la mguu linajikaza, na ndilo pampu yako kubwa. Asiyeweza kusimama akae kwenye kigoda, anyooshe mguu na kuzungusha kifundo. Anza na dakika tano asubuhi na jioni, uongeze kadiri unavyozoea. Vaa viatu, au simama juu ya mkeka, usikanyage udongo. Kama kituo cha afya kimekupa bandeji, fanya ukiwa umeifunga.

Hatutaki kukudanganya: mguu uliovimba muda mrefu hauwi kama zamani kwa mazoezi. Huwa mwepesi, na kifundo hakikakamai. Tena mazoezi peke yake hayatoshi. Kila siku osha mguu kwa maji safi na sabuni, hasa katikati ya vidole na mikunjo ya ngozi, ukaushe vizuri kwa kitambaa safi bila kusugua. Vidudu vinavyoingia kwenye michubuko ndivyo vinavyoleta yale mashambulizi ya homa, na kila shambulizi huacha mguu mkubwa zaidi. Ukikaa, weka mguu juu ya kitu, isipokuwa una ugonjwa wa moyo. Hapo muulize mganga kwanza.

Kuna siku za kutofanya mazoezi kabisa. Mguu ukiwa wa moto na unauma ukiguswa, ukapata mtoki kwenye kinena, homa na kutetemeka, acha. Lala, inua mguu, uweke kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, kunywa maji mengi, na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usichanje mguu wala kupaka dawa za mitishamba.

Na kama mguu mmoja umevimba ghafla ukiwa na maumivu kwenye shavu, au mama mjamzito amevimba uso na mikono na kichwa kinamuuma, hayo si mambo ya mazoezi. Aende kliniki mara moja, hata kama ni usiku.